Nunua kiti cha mgeni kwanza: kupanga chumba Madison kwa hela ya mwalimu

Kila ikifika mwezi wa saba simu yangu inaanza kuingia meseji za walimu wa Kiswahili wanaokuja Marekani kufundisha mwaka mmoja wa masomo, wengine wanakuja kupitia Fulbright, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana walimu na wasomi, wengine wamealikwa na vyuo vyenyewe, na swali ni lilelile, dada nyumba wamesema haina fenicha, sasa mi nikifika naanza na nini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote hapa, mtu asome kabla hajapanda ndege. Mwenyewe nilikuja hivyohivyo kwa mwaka mmoja, nikarudi nyumbani, baadae nikaja tena kusoma na mpaka leo nafundisha, kwahiyo hili la kupanga chumba kwa hela kidogo nimelifanya na nimesaidia wengi kulifanya.

Na nalipenda, nisiseme uongo. Naumia kuona mwalimu mzuri, mtu wa watu, anaishi miezi kumi kama yuko stendi anasubiri basi, nguo ziko kwenye begi, anakula amesimama jikoni, godoro liko chini, ukimuuliza anasema aah si narudi mwezi wa tano. Miezi kumi ni maisha. Baridi yote ya mwaka utaipitia humo ndani.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo nyumba isiyo na fenicha. Sio tupu ya kwetu, kwamba unahamia na jiko lako na mtungi wako wa gesi. Huku jiko unalikuta, oveni unaikuta, friji lipo, mara nyingi na mapazia yale ya plastiki ya kukunja yapo. Ambacho hakipo ni kitanda, kiti, meza, kabati la vyombo wakati mwingine lipo ila vyombo ndo hamna, na sebuleni unaweza kukuta hakuna taa juu kabisa. Hilo la taa linawashangaza wengi, ntalirudia.

Sasa mi naongelea Madison, Wisconsin, maana ndo mji ninaoujua na una jambo lake ambalo ukilijua umeshaokoa nusu ya bajeti. Katikati ya mji umekaa kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya ziwa Mendota na ziwa Monona, chuo kikuu cha Wisconsin kiko palepale kando ya Mendota, kwahiyo nyumba za wanafunzi zimebanana sehemu moja, mitaa ya Mifflin, Bassett, Johnson, Gorham, Langdon. Mikataba ya kupanga mitaa hiyo mingi inaisha kwa pamoja, tarehe 14 mwezi wa nane mchana, na mipya inaanza tarehe 15. Yaani sehemu kubwa ya mji inahama kwa mkupuo! Usiku ule wa katikati kuna watu hawana pa kulala kabisa, vitu vyao viko kwenye lori na wenyewe wamejibanza kwa marafiki. Sasa kijana amemaliza chuo anaenda Chicago au Minneapolis, kabati hawezi kulibeba, nafasi kwenye gari hamna, mwenye nyumba anataka chumba kitupu saa sita mchana, afanyeje? Analiweka kando ya barabara anaondoka. Wenyewe wanaiita Krismasi ya Mahipi, na ukipita Mifflin siku hiyo utaelewa kwanini, meza, viti, rafu za vitabu, feni, microwave, vioo, sufuria, taa za kusimama, vikapu vya nguo, vimepangwa barabara nzima na vingine vimebandikwa karatasi imeandikwa kinafanya kazi.

Najua kwetu kuokota kitu cha mtu barabarani kunaleta maneno. Huku ondoa haya. Nimeona watu na heshima zao, wana kazi na magari yao, wameinama wanapima rafu kwa futi. Vitu vimeachwa makusudi ili achukue anayehitaji, na visipochukuliwa malori ya manispaa yanapita yanavibeba kwenda jalalani, kwahiyo ukikiacha asubuhi ukasema ntarudi jioni, jioni hukikuti. We nenda jioni ya tarehe 13 na asubuhi ya tarehe 14, kabla mvua haijanyesha, maana mwezi wa nane huku mvua za ghafla zipo na ubao ule wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi ukishalowa ukavimba kwenye kingo hauponi tena. Beba bisibisi, futi ya kupimia, kamba, glavu, na simu yenye chaji kwasababu tochi utaihitaji sana.

Tochi ni ya kunguni. Hapa nakuomba unisikilize kama dada yako. Kunguni wapo Marekani, tena wapo sana kwenye miji ya wanafunzi, na wakishaingia kwenye nyumba yako yenye zulia la ukuta kwa ukuta, umekwisha, wanakaa miezi bila kula wanakusubiri tu. Kwahiyo sheria yangu haina huruma: kitu chenye kitambaa na sponji hakiingii ndani kama kimetoka barabarani. Godoro hapana, sofa hapana, mto hapana, hata kiwe kinang'aa, hata mwenye nacho awe kasimama pembeni anaapa. Mbao, chuma, plastiki, kioo, hivyo chukua. Lakini hata mbao unaikagua, toa droo zote, geuza kabati chini juu, mulika kwenye matundu ya skrubu na kwenye maungio, ukiona vidoti vyeusi vilivyokauka au maganda membamba ya rangi ya kahawia, weka chini endelea na safari. Nguo na mapazia ya mtumba unayapitisha kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa, nusu saa, hapo hata mayai hayabaki.

Godoro basi nunua jipya. Hiki ndo kitu ambacho mi nasema toa hela bila kulia, na siku hizi si hela ya kutisha, yapo yanayokuja yameminywa yamekunjwa ndani ya boksi, unalibeba mwenyewe mpaka ghorofani, unakata nailoni linajaa hewa lenyewe. Liache masaa kadhaa dirisha likiwa wazi, harufu itoke. La twini, yaani la mtu mmoja, la kawaida nililipata chini ya dola 150 na limelaliwa na walimu baada yangu.

Ila vipimo vya huku sio vyetu na watu wanabeba mashuka kutoka Kariakoo kwa kilo zao za thamani yanafika hayatoshi. Sisi tunahesabu kwa futi, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. Wao twini ni inchi 39 kwa 75, full ni 54 kwa 75, queen ni 60 kwa 80. Piga hesabu, futi sita ni inchi 72, kwahiyo queen ni upana uleule wa tano kwa sita lakini imekuzidi inchi nane kwa urefu, shuka lako la nyumbani likifika miguuni linatoka kila ukijigeuza. Ukipenda sana mashuka yako ya tano kwa sita, nunua godoro la full, hapo yanakaa vizuri. Chaga za chini si lazima ununue, fremu ya chuma ya mtumba inapatikana kirahisi, na wapo wanaotumia paleti za mbao zile za mizigo, ni sawa kabisa mradi uangalie muhuri uliochomwa pembeni, ukiona HT maana yake mbao imetibiwa kwa joto, ukiona MB hiyo ilipigwa dawa, usiilalie.

Baada ya msimu wa barabarani kuisha unaingia kwenye maduka ya mitumba, na hapo ndugu zangu sisi ni mabingwa wa dunia. Goodwill wameanza kazi hiyo Boston mwaka 1902, mchungaji wa Kimethodisti anaitwa Edgar Helms alikuwa anakusanya vitu vilivyochakaa, anawapa kazi maskini wavitengeneze, vinauzwa. Leo wapo kila mji. Hapa Madison kuna pia duka la St. Vincent de Paul pale Williamson Street ambalo mi nalipenda zaidi kwa vyombo na fenicha. Na ujue kuna uhusiano wa moja kwa moja na sisi, maana nguo zinazotolewa sadaka huku zisipouzika dukani zinauzwa kwa jumla kwa uzito, zinafungwa marobota, na sehemu yake ndo unayoikuta Karume pale Ilala au Gikomba Nairobi. Sasa huku uko kwenye chanzo, kabla robota halijafungwa. Kila ujanja uliofundishwa na mama yako sokoni, kugeuza nguo nje ndani, kuvuta mshono, kunusa, kugonga sahani usikilize kama ina ufa, leta wote, unafanya kazi vilevile. Kinachopungua ni kupatana bei tu, bei imebandikwa. Ila maduka mengi ya Goodwill yana tiketi za rangi na kila wiki rangi moja inashushwa nusu bei, ukiingia angalia kwanza rangi ya wiki. Alafu bei ya kwenye tiketi sio ya mwisho, kaunta wanaongeza kodi ya mauzo, hapa ni asilimia 5 ya jimbo na nusu ya kaunti ya Dane.

Vitu vizito kama meza ya kusomea, kiti cha ofisi au kabati la mafaili, chuo kinauza vyake kilivyovitoa ofisini kupitia kitengo kinaitwa SWAP, kiko Verona nje kidogo ya mji. Ni vigumu kuharibu meza iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara. Tatizo ni kuifikisha nyumbani. Lori dogo la U-Haul, kampuni ya kukodisha malori ya kuhamia, linatangazwa kuanzia dola 19.95 lakini hapo hujaongeza malipo ya kila maili na bima, na tarehe 15 mwezi wa nane usijisumbue kuyaulizia, yamekodiwa zamani. Ungana na watu, kodini siku moja, zungukeni wote, hela inagawanyika na mikono ya kunyanyua inakuwepo.

IKEA, lile duka kubwa la fenicha, wengi wanaisikia, Madison hakuna, ya karibu iko Oak Creek huko upande wa Milwaukee, ilifunguliwa 2018. Mi sina ugomvi nao, lakini kile kimeza chao cha bei rahisi kinachopendwa na kila mwanafunzi, ndani yake ni karatasi zilizopangwa vitundu vitundu, imefunikwa tu juu. Mtu uliyekulia kwenye mninga ukikinyanyua kwa vidole viwili unajiuliza. Na Wisconsin ni nchi ya miti, humu kwenye nyumba za wazee kumejaa meza za mti wa oak na maple zilizotengenezwa miaka mingi, watoto wao hawazitaki, zinaishia mtumbani kwa dola ishirini na kitu. Zina mikwaruzo, zina alama za vikombe, lakini msasa kidogo na mafuta ya mbao inakuwa meza ambayo hutaki kuiacha. Nyanyua kabla hujanunua, uzito utakwambia.

Jikoni sasa, nikae kidogo hapa maana ndo roho ya nyumba.

Sufuria zetu zile za bati pana zisizo na mkono hutazipata dukani kirahisi, za kwao zina mikono mirefu, zinatosha kwa wali na mchuzi, chukua mbili za mtumba zenye kitako kinene basi. Usipoteze kilo za begi kubeba masufuria. Beba mwiko, beba kibao cha mbuzi kama wewe ni mtu wa nazi kweli, vingine vyote vipo. Ila kitu cha kutafuta kwa udi na uvumba kwenye duka la mtumba ni lile frampeni la chuma kizito cheusi, linalokuvunja mkono ukilinyanyua. Mara nyingi linatupwa chini kabisa ya rafu kwasababu limeota kutu na mtu wa kawaida anaona limekufa. Mi langu nililipata dola sita, jekundu kwa kutu, na mafuta ya mtu mwingine yameganda pembeni meusi kabisa. Nikalisugua kwa stilwaya na sabuni mpaka chuma kikaonekana cha kijivu kitupu, na hapo usiliache likae hata dakika kumi na maji maana kutu inarudi hapohapo, likaushe juu ya jiko mpaka moshi wa maji uishe. Alafu unalipaka mafuta ya kupikia ya kawaida kila mahali, ndani, nje, mkononi, kisha unachukua kitambaa kikavu unayafuta kama vile umejutia kuyapaka, ibaki tu ile tabaka nyembamba isiyoonekana, maana ukiacha mafuta mengi yanaganda yananata. Oveni nyuzi 450 za Fahrenheit, karibu 230 za kwetu, unaliingiza limegeuzwa kifudifudi na foili chini yake, saa nzima, unazima unaliacha humohumo lipoe. Likitoka lina rangi ya kahawia iliyoiva, rudia mara kadhaa linakuwa jeusi linang'aa. Hakuna chombo kilichowahi kunipikia chapati kama hiki. Majiko ya umeme ya huku yale ya koili yanawaka na kuzima yenyewe, frampeni jepesi linakufanya chapati ya kwanza mbichi ya pili imeungua, lakini hili likishashika moto halishuki, unaweka chapati inajaa vipovu sawasawa, unageuza, unapaka mafuta, unaizungusha kwa kijiko, unaona madoa ya dhahabu yanatokea yote saizi moja. Fungua dirisha tu kabla hujaanza kwasababu king'ora cha moshi cha huku hakijui tofauti ya chapati na nyumba inayoungua, na usikitoe betri, majirani wako wanalala chini ya paa hilohilo.

Umeme wenyewe huku ni volti 120, sio 230. Chaja ya simu na ya laptopu hazina shida, soma kwa maandishi madogo utaona 100 mpaka 240, adapta ya kubadilisha umbo la plagi inatosha. Lakini birika la umeme na pasi kutoka nyumbani acha, birika la volti 230 likichomekwa huku linapata kama robo ya nguvu yake, utasubiri chai mpaka darasa liishe. Nunua la huku la mtumba. Na balbu usibebe, za kwetu nyingi ni zile za pini, za huku ni za kuzungusha.

Nimesema ntarudi kwenye taa. Sebuleni utakuta swichi ukutani, unabonyeza hakuna kinachowaka, unadhani imekufa. Haijafa, inawasha soketi moja ya chini ukutani, jaribu kila soketi kwa chaja ya simu utaipata, mara nyingine ni ile tundu la juu tu au la chini tu. Hapo ndo unachomeka taa yako ya kusimama. Mi nasema taa mbili, usijibane hapa, na balbu nunua zenye mwanga wa manjano, kwenye boksi imeandikwa 2700K, ule mweupe wa 5000K unaifanya sebule iwe zahanati. Mwezi wa kumi na mbili Madison jua linazama saa kumi na dakika ishirini hivi jioni. Saa kumi! Unatoka kufundisha kipindi cha mchana giza limeshaingia, theluji imejaa, na kama unachofungulia mlango ni chumba chenye taa moja ya jikoni, moyo unashuka, nimewaona watu wameshuka mpaka wanaogopa kuongea. Taa ya dola nane yenye mwanga wa joto kona ya kiti chako ni dawa, naongea kwa uzito kabisa.

Dirisha nalo. Nyumba za zamani za katikati ya mji zina madirisha yanayopitisha upepo, na kama umeme wa hita unalipa mwenyewe utalia. Kuna plastiki nyepesi wanauza maduka ya vifaa vya ujenzi, unabandika gundi ya pande mbili kuzunguka fremu ya dirisha kwa ndani, unavuta plastiki juu yake, alafu unaipulizia draya ya nywele, ile mikunjo yote inanyooka mpaka inakuwa kama haipo, na upepo unakata. Fanya mwezi wa kumi kabla baridi halijaingia. Juu yake pazia, na pazia mi natumia khanga. Doti moja usiikate, ina upana wa kama mita tatu ikiwa imeungana, inafunika dirisha la kawaida na kubaki. Usipige misumari, kila tundu ukutani utalilipia, nunua ile fimbo ya pazia yenye springi ndani unayoibana tu kati ya kuta mbili za dirisha. Khanga ndo kitu cha kujaza begi, nyepesi, inakuwa pazia, kitambaa cha meza, shuka la juu, zawadi, na ya kwangu ya sebuleni imeandikwa mgeni njoo mwenyeji apone.

Ambayo ndo sababu hasa ya kuandika haya yote.

Watu wote ninaowaona wanapanga chumba cha mwaka mmoja wanajipangia wenyewe. Kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, na wanaona ni kubana matumizi. Mi naona ni gharama kubwa kuliko zote. Ukiwa na kiti kimoja huwezi kumwambia mtu karibu, hata ukitaka, unaona aibu, unasema siku nyingine, na siku nyingine haifiki, na huku hakuna mtu atakayebisha hodi bila kualikwa, sio kama kwetu ambako jirani anaingia kuomba chumvi anaondoka saa mbili baadae. Huku usipoalika hawaji. Sio ubaya wao, wameshaona mlango uliofungwa kuwa ni heshima. Kwahiyo ukishapata godoro, kabla ya meza, kabla ya kioo, kabla ya hata sufuria ya pili, tafuta viti. Vya mbao vya mtumba dola tano tano, visifanane, haina shida. Sahani nunua sita. Vikombe sita. Vinauzwa kimoja kimoja kwa senti.

Mi nilibeba pia mkeka wa plastiki, ule wa kukunjwa, mwepesi, ukimwagikiwa unafuta. Na jambo moja zuri ambalo sikulitegemea, wenyeji wa Wisconsin wanavua viatu mlangoni kwasababu ya theluji na chumvi ya barabarani, kwahiyo kukaa chini kwenye mkeka hawaoni tabu hata kidogo, wanakaa wenyewe kabla hujawaambia. Tulikuwa tunakaa humo wanafunzi wangu, mwalimu mwenzangu wa Kiyoruba, jirani wa juu mstaafu anayependa sana maandazi, chai ya tangawizi kwenye birika, na wanafunzi wanazunguka chumba wanataja kiti, kitanda, kikombe, kijiko, kioo, kisu, ngeli nzima ya KI-VI imepangwa humo ndani wanaigusa kwa mkono. Walijifunza kusema karibu, nimeshiba, asante kwa chakula, tutaonana, kwa kuyasema kweli kwa sababu kweli. Darasani ningeweza kuwafundisha maneno hayo ila sio jinsi ya kung'ang'anizwa kula tena ukishasema umeshiba.

Na mwezi wa kwanza, wakati chuo kimefungwa na mji umebaki mtupu na ziwa limeganda mpaka watu wanatoboa barafu kuvua samaki, walionipigia simu kuniuliza unaendeleaje ni waliokaa kwenye viti vile.

Sasa kuondoka. Hapa kuna mtego wa kalenda, mkataba wako wa nyumba ni wa miezi kumi na mbili mpaka tarehe 14 mwezi wa nane, na kazi yako inaisha mwezi wa tano. Inabidi umpate mtu wa kukaa miezi ya kiangazi akulipie kodi, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ndo hapo chumba kilichopangwa kinakulipa, kwasababu mwanafunzi anayekuja kwa ajili ya mafunzo ya kazi ya kiangazi tu anatafuta pa kufikia na begi, hataki kuhangaika na godoro, kati ya chumba tupu na chako atachukua chako. Andika kwenye tangazo kila kitu kilichopo, mpaka frampeni.

Vitu vingine mpe mwalimu anayekuja. Tafuta mtu mwenye besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, iliyo kavu, profesa, familia, kanisa, msikiti, avihifadhi kati ya mwezi wa nane na siku atakayofika mwenzako. Kitanda ukikifungua weka skrubu zote na ile funguo yake ndogo kwenye mfuko wa nailoni uufunge kwa gundi kwenye mguu wa kitanda chenyewe, usiweke kwenye boksi lingine, skrubu zikipotea kitanda kimekuwa kuni. Vinavyobaki viweke kwenye vikundi vya mtaa vya Facebook vya kupeana bure, vile vya Buy Nothing vilivyoanzishwa na kina mama wawili kule Bainbridge Island jimbo la Washington mwaka 2013, sasa viko karibu kila mtaa, mtu anakuja na gari lake anachukua, anashukuru.

Hela ya dhamana isimamie toka siku ya kwanza. Sheria ya Wisconsin inakupa angalau siku saba baada ya kuingia kuandika kasoro zote ulizokuta, basi piga picha kila ukuta, kila doa la zulia, ndani ya oveni, ndani ya friji, ujaze fomu, utume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Mkataba ukiisha mwenye nyumba ana siku 21 kurudisha dhamana au kukupa maandishi ya alichokata na kwanini. Wakati huo wewe uko Morogoro unasahihisha mitihani, na akituma hundi ya dola kwa posta kwenda Tanzania utasumbuka nayo sana benki, kwahiyo kabla hujakabidhi funguo kubaliana naye kwa maandishi akulipe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya huku, na akaunti hiyo usiifunge mpaka hela iwe imeingia.